Yule Mama wa Daftari la Kijani

Jumatatu, 3 Juni

Leo tena yupo. Kakaa kwenye benchi karibu na kibanda cha mlinzi, daftari la kijani mapajani. Hana sare. Hapimi mtu presha, hagawi dawa. Anatazama foleni tu, halafu anaandika. Anatazama tena, anaandika.

Nimefika dirishani mapema, wa kwanza. Nesi kanipa kikombe changu cha methadoni, dawa ya kutuachisha unga. Nimekunywa. Kasema, "Haya, ongea." Kila siku ndiyo hivyo, ukishakunywa lazima uongee, waone umemeza, hujaificha mdomoni ukaiuze nje. Wenzangu wanaongea mpira. Mimi nasema "Asante". Tangu Januari neno moja hilo hilo.

Masanja alikuwa nyuma yangu. Kapaza sauti, "Nesi, huyu Bubu siku akisema maneno mawili mtafunga kliniki, mtajua kapandisha mashetani." Foleni nzima kicheko. Mimi pia kidogo. Masanja akinitania siumii. Ndiye aliyenishika mkono Januari akanileta hapa, nikiwa mifupa mitupu.

Yule mama hakucheka. Aliandika.

Nimetoka nikaenda dukani kwa Bwana Karim kuchuja asali. Kazi hiyo pia kanitafutia Masanja, maana kwao Ipole ni warina asali na Bwana Karim ananunua kwa baba yake. Daftari hili nalificha huku stoo, kwenye gunia la nta. Mshauri wa kliniki kanipa niwe naandika hamu ikinishika, kasema hakuna atakayesoma. Mtu akikwambia hatasoma, ujue kalifikiria.

Jumanne, 4 Juni

Shabani hakuja.

Jana yule mama alimuita pembeni. Nilikuwa nafunga kamba ya kiatu, nikasikia. Kamuuliza anakaa wapi, na nani, jioni anapenda kukaa kijiwe gani. Shabani mjinga akajibu yote. Leo hayupo.

Januari tulikuwa tunajaza mabenchi mawili na wengine wamesimama. Sasa benchi moja linatutosha, tena unaweza kunyoosha miguu. Wanaenda wapi? Hakuna anayesema. Nesi anasema "wameacha". Kirahisi hivyo, kama mtu kaacha kuvuta sigara.

Jina la yule mama ni Editha. Mlinzi kanambia. Nimemuuliza kazi yake nini, kasema, "Anafuatilia watu."

Anafuatilia watu.

Alhamisi, 6 Juni

Shabani siku ya tatu. Nimepiga simu yake, haipatikani.

Mchana Masanja kaja dukani. Baba yake kavunjika mguu, kadondoka juu ya mti akiweka mzinga. Mizinga imejaa na nyegere wameshaanza kupasua. Lazima mtoto wa kiume aende kambini porini, siku kumi, labda zaidi. Akasema anataka kesho amuone daktari, amuombe dozi za kwenda nazo. Asipopewa, sijui atafanyaje.

Nikamwambia, "Usiseme unakoenda."

Akaniangalia. Nikamweleza habari za yule mama na Shabani. Nikamwambia huyo ni wa polisi, anaandika tunakoishi na tunakokwenda. Nilisema maneno mengi kuliko niliyosema wiki nzima.

Masanja akasema, "Bubu ukisema wewe, basi lipo. Wewe huongei bure." Akacheka. "Na mzee mwenyewe ana mwiko. Safari ya asali haitangazwi. Ukitangaza, unakuta nyuki wamehama. Basi, kimya kimya."

Nikamuuliza, na arosto je, yale maumivu ya kukosa dawa? Akasema ataumwa siku nne tano, mwili utanyooka wenyewe, porini hakuna unga. "Babu zetu walibeba pembe za ndovu kwa miguu kutoka hapa mpaka pwani. Mimi nitashindwa kubeba tumbo langu?"

Sikucheka. Lakini sikumzuia.

Ijumaa, 7 Juni

Masanja kanywa dawa, kasema habari za mpira kwa nesi kama kawaida, katoka. Yule mama alimtazama mpaka getini. Stendi nimempa michembe ya bibi yangu, viazi vikavu, mfuko mzima. Basi limeondoka saa mbili.

Chumba chetu kimekuwa kikubwa.

Jumamosi, 8 Juni

Nilijua yule mama atakuja kwangu.

"Selemani, shikamoo za asubuhi zimekwisha wewe hata kuinua macho?" Ndivyo alivyoanza. Nikasema shikamoo. Akaitikia marahaba. Akauliza, "Mwenzako Masanja yuko wapi leo?"

Nimesema simjui.

Simjui! Mtu tunayelala naye chumba kimoja, tunakunywa dawa pamoja, anayeniita Bubu mbele ya watu wote. Hata yeye aliona ni uongo. Hakukasirika. Aliandika kitu kifupi, akanishukuru. Kunishukuru ndiko kulikonitisha. Anayekushukuru kwa uongo ana mpango.

Jumapili, 9 Juni

Simu ya Masanja imezimwa. Kambini hakuna mtandao, najua. Naipiga tu.

Jumatatu, 10 Juni

Nimemfuata yule mama.

Nilimwambia Bwana Karim tumbo linauma. Akasema, "Tumbo au kichwa? Kichwa chako ndiyo kibovu, tumbo nzima." Kaniruhusu. Yule mama katoka kliniki saa sita na nusu, kapita sokoni, kanunua ndizi. Mimi nyuma, upande wa pili wa barabara, kofia usoni. Anatembea haraka kwa mtu mwenye umri wake. Nilitegemea ageuke, hakugeuka. Kaenda moja kwa moja mpaka kituo cha polisi. Kaingia na daftari mkononi.

Askari wa mlangoni alimsalimia. Anajulikana pale.

Sikungoja. Nilikimbia mpaka pumzi ikakata. Nilikuwa sahihi. Tangu mwanzo nilikuwa sahihi.

Njiani nimemkuta Pili anauza karanga. Pili tunakunywa naye dawa, ana mtoto mdogo wa kike. Nimemwambia nilichokiona. Karanga zikammwagika. Akasema, "Uongo?" Nikasema kwa macho yangu haya. Akaamini papo hapo. Mimi sijui kutunga.

Jumanne, 11 Juni

Pili hakuja. Vizuri. Amepona.

Na wengine wawili hawakuja. Pili amewaambia. Benchi limebaki na watu watano. Nesi alitoka dirishani, akatazama benchi, akarudi ndani. Uso wake haukuwa wa mtu aliyeshinda kitu. Sielewi.

Yule mama hakuwepo leo. Yuko wapi? Kwa nani?

Jumatano, 12 Juni

Sikwenda.

Nimeamka saa kumi na mbili, nimeoga, nimevaa viatu, nikakaa kitandani. Nikawaza, leo ni zamu yangu. Alijua nadanganya niliposema simjui. Nimevua viatu.

Saa nane miayo. Miayo bila usingizi. Machozi yanatoka na mimi silii. Pua inachuruzika. Mgongo una baridi wakati nje jua kali. Miguu haitulii, inataka kwenda mahali. Naijua inakotaka kwenda.

Jamaa mmoja anayeuza unga kijiwe cha relini kapita mlangoni saa kumi. Wanajuaje? Wananusa. "Kijana, umeachana na maji ya kliniki? Karibu nyumbani." Kaniita kijana kwa upole. Upole wa kwanza kuusikia tangu Ijumaa.

Nilitoka mpaka kwenye kona. Nimerudi. Si ushujaa. Tumbo lilinikata nikakimbilia chooni.

Masanja yuko hivi hivi, porini, peke yake, siku ya tano. Nimemtuma mimi.

Alhamisi, 13 Juni

Naandika mkono ukiwa umetulia. Nimekunywa dawa saa nne. Nianze mwanzo.

Asubuhi mlango umegongwa. Nimechungulia kwenye tundu. Yule mama. Nimejibana ukutani. Halafu nikasikia sauti ya Shabani.

"Bubu, fungua bwana. Tunasikia miayo yako mpaka huku nje."

Nikadhani wamemleta ili anitaje. Nikakaa. Shabani akasema, "Usipofungua nitaimba, na unajua sauti yangu." Nimefungua.

Shabani kakonda lakini mzima. Kasema Jumatatu ile ya wiki iliyopita jioni askari walimkamata kijiweni pamoja na wauza unga. Yeye hakuwa na kitu, alikuwa anaomba moto wa sigara. Kalala ndani. Hakuna aliyejua, simu walichukua. Yule mama alipoona siku zinapita, kazunguka kwao, kijiweni, hospitali, mwisho kituoni. Juzi Jumatatu kaingia na daftari, kawaonyesha askari kila siku ambayo Shabani alikunywa dawa, mstari kwa mstari. Wakamwachia. Jumanne kampeleka mwenyewe kliniki kwa daktari aanzishwe upya, sisi tumeshatoka.

"Na ndizi alininunulia," Shabani akasema. "Nimekula sita nimesimama."

Jumatatu. Ndizi. Nilikuwa pale. Ningengoja kidogo ningemuona Shabani anatoka.

Bado sikumuamini. Naandika ukweli. Niliwaza labda Shabani kanunuliwa. Mama Editha akaniangalia, akapandisha mkono wa sweta. Mkono kwa ndani umejaa makovu, yale madogo yaliyopangana, kila teja anayajua. "Na mimi nimepanga foleni, mwanangu. Dar, miaka mitatu. Na mimi nilikuwa namuogopa kila mwenye kalamu." Nikawaza, kovu hata moto unaacha.

Nadhani aliona. Akanipa daftari la kijani. "Soma mwenyewe."

Nasoma polepole. Hawakuniharakisha. Kila ukurasa mtu mmoja. Shabani: anakaa kwa shangazi, jioni kijiweni, asipokuja aanze kutafutwa hapo. Pili: mtoto anaumwa kifua, anachelewa, nesi asimfokee. Kuna majina ya wale wa Januari, karibu yote yana alama ya kuuliza. Masanja: "Hajaja. Kwa nini? Nani anajua?" Amepigia mstari mara mbili.

Nikafika kwangu. "Selemani. Anafika wa kwanza kila siku. Haongei. Usimuulize mbele ya watu. Wenzake wanamsikiliza akisema."

Nilisoma hiyo mara nyingi.

Wanamsikiliza akisema. Ndiyo. Nimesema kwa Masanja, kaondoka bila dawa. Nimesema kwa Pili, kaacha na wengine wawili wamemfuata. Nilikuwa namtafuta anayepunguza watu kwenye benchi. Ni mimi.

Nimewaambia. Yote, nimesimama mlangoni, mpaka la simjui. Shabani kanyamaza kwa mara ya kwanza maishani mwake. Mama Editha kauliza kimoja tu: "Anatoka porini lini?"

Nikasema wanunuzi wa asali wanafika kambini Jumatatu.

Akakaa chini kwenye kizingiti. Akasema porini si tatizo, porini atateseka tu. Tatizo ni akitoka. Atatoka na pesa mkononi, mwili umeshasahau, na yeye anakumbuka kipimo chake cha zamani. Kete moja ya unga kama ya zamani inamtosha asiamke. "Mume wangu alikaa safi siku kumi na mbili," akasema. "Alirudia kipimo kile kile."

Ijumaa, 14 Juni

Asubuhi nimeenda kwa Pili kabla ya kliniki. Alifungua mlango kidogo. Nikamwambia nilikosea. Akasema, "Ulisema kwa macho yako." Nikamwambia macho yaliona mlango, hayakuona ndani. Katukana, tusi zito, nalistahili. Kisha kachukua kanga yake, kambeba mtoto, tumeenda wote. Wale wawili katuma mtoto wa jirani akawaite. Mmoja amekuja. Mwingine hajulikani alipo. Mama Editha kaandika jina lake, na mimi nimemuonyesha anapolalaga.

Dirishani nesi kasema ongea. Nimesema, "Nilikosea." Kasema, "Maneno hayo unamwambia nani?" Nikampisha aliyekuwa nyuma yangu.

Tumekaa na daktari. Masanja lazima aje mwenyewe hapa, hawawezi kumpelekea dawa. Amekosa siku nyingi, ataanzishwa chini upya kama mgeni. Simu hakuna. Mama Editha hajui kambi, na mwenyewe hawezi kuonekana kule, wale wazee wa kambini wakiona sura ngeni wanaingia msituni. Nimefika kule mwaka jana na Masanja. Toka Ipole ni mwendo wa saa tatu kwa miguu, unafuata korongo mpaka mti wenye alama ya ukoo wao. Ninajua mimi tu.

Daktari kauliza kwa nini Masanja hakuomba dozi za kuondoka nazo. Nikamwambia ule mwiko, na nikamwambia la kwangu. Akasema, "Kwa hiyo kila mwaka mwezi huu watu wanaondoka kwenda kurina, na sisi tunaandika wameacha?" Nikasema na tumbaku pia. Wanaokwenda kwenye mabani ya kukaushia tumbaku Urambo nao mnaandika hivyo hivyo. Hakuna anayewauliza msimu. Mama Editha akafungua daftari tangu mwanzo, akawa ananisomea jina, mimi namwambia: asali. Tumbaku. Asali. Huyu alifiwa kwao Ulyankulu. Tumbaku. Alikuwa anaandika mpaka kalamu ikakwama.

Miezi mitano nimekaa kwenye lile benchi najua yote hayo. Hakuna aliyeniuliza, na mimi sikusema.

Halafu chupa. Nikienda kesho, Jumapili naweza nisiwahi dirisha, linafungwa saa sita. Daktari hakutaka kunipa dozi ya Jumapili niondoke nayo. Nimekosa siku moja juzi tu, mtu wa hivyo hapewi. Mama Editha kasema, "Nitasaini mimi." Daktari kamtazama sana. Kakubali, nitapewa asubuhi.

Nikawaza, ni mtego. Wanataka kuona kama nitaiuza. Nimewaza hivyo hivyo baada ya yote haya. Sijui kama kitu hiki kitanitoka.

Mama Editha kanisindikiza getini. "Sikiliza, Selemani. Chupa hiyo ni kipimo cha mwili wako. Yeye akiinywa kwa mwili alio nao leo, unamzika. Atakuomba. Atalia. Atakuita ndugu."

Najua atakavyoniita.

Jumamosi, 15 Juni

Asubuhi. Baridi. Naandika nikiwa kwenye benchi la kliniki, watu wananiona. Leo tuko tisa, na yule aliyekuwa hajulikani alipo kapatikana. Pili anambembeleza mtoto. Shabani anamwambia mlinzi kwamba kule ndani askari walimuomba awafundishe kuimba.

Nesi kanipa kikombe, nimekunywa. Kisha akanisukumia chupa ndogo ya kesho, ina jina langu kwenye karatasi. Haikuwa mtego. Nimeishika. Nzito kuliko ilivyo.

Nimemrudishia.

Kashangaa. Nikamwambia sijiamini. Masanja akiniita Bubu pale porini huku anatetemeka, nitampa. Najijua. Nimewashuku watu wote hawa wiki mbili na huyu mmoja, mimi mwenyewe, nilikuwa sijamshuku. Bora nisiwe nayo. Nikichelewa nitaumwa, miayo na tumbo, siku moja, hainiui.

Mama Editha amefunga daftari, anakwenda na mimi mpaka Ipole, atangoja kwa mama yake Masanja. Amebeba ndizi.

Nesi kasema, "Bado hujaongea." Nikasema, "Kesho tuko wawili."

Maneno matatu. Masanja hakuwepo kuhesabu.

Gari la Ipole limeanza kupiga honi stendi, linasikika mpaka hapa. Lazima niondoke sasa, maana toka Ipole mpaka kambini ni saa tatu za miguu, kurudi tatu, na kesho dirisha hili linafungwa saa sita.